Niliuza Dawa: Kiswahili cha Bukavu Kinapofika Australia

Katika mwaka wa kwanza wa kitivo hiki tulipewa zoezi ambalo bila shaka wengi wenu mmelifanya. Mwalimu aliandika sentensi kumi ubaoni, nasi tukaambiwa tuzisahihishe. "Batoto beko banacheza." "Mama alienda kuuza chumvi ku soko." "Ile mutu iko mukubwa kupita baba yake." Tulizifuta zote, tukaandika badala yake Kiswahili cha vitabuni. Nilipata alama nzuri, na jioni ile nilirudi nyumbani nikijiona msomi.

Leo nataka kurudi kwenye sentensi ya pili. Mama yule wa zoezi hakukosea. Alikwenda sokoni kununua chumvi, akasema hivyo kwa maneno ya mji wake, na kila mtu wa Kadutu au Bagira angemwelewa. Sisi wanafunzi wa lugha ndio tuliofundishwa kutomwelewa.

Hoja yangu ni fupi. Kitivo cha lugha cha mji huu kinakichukulia Kiswahili cha mji huu kama ugonjwa wa kutibiwa. Hasara ya jambo hilo hatuioni hapa Bukavu, kwa sababu hapa sote tunaelewana. Inaonekana pale watu wetu wanapokwenda kuanza maisha mbali, mahali ambapo kila neno lao hupita kwanza katika sikio la mgeni kabla ya kumfikia daktari, mwajiri au afisa wa uhamiaji. Nitachukua mfano wa Australia, kwa sababu huko ndiko aliko dada yangu.

Nasema dada, na kwa kinywa chetu namwita yaya. Yeye ni binti wa baba mkubwa. Alikulia nyumbani kwetu, alinibeba mgongoni, alinipiga niliposhindwa hesabu. Alikimbilia Uganda na mumewe, wakakaa miaka mingi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na mwishowe wakapewa viza ya wakimbizi ya Australia pamoja na watoto wao. Sasa wanaishi katika mji mdogo wa bara, mbali na Sydney. Hawako peke yao. Wakongo wa Kivu wako Toowoomba, wako Albury na Wodonga, wako Adelaide. Babembe, Bafuliiru, Banyamulenge, Bashi, watu ambao hapa nyumbani wakati mwingine hawasalimiani, huko hukutana kanisani siku ya Jumapili, na lugha inayowakutanisha ni Kiswahili hiki hiki tulichokifuta ubaoni.

Siku moja yaya alinitumia ujumbe wa sauti mrefu. Kwao ilikuwa usiku, kwetu mchana. Alikuwa amekwenda kwa daktari kwa ajili ya maumivu ya mgongo. Daktari alipiga simu, mkalimani wa Kiswahili akaingia, mama mmoja mwenye sauti ya pwani, mpole kabisa. Daktari aliuliza kama dawa aliyoandikiwa mara ya kwanza ilimsaidia. Yaya akajibu: "Ile dawa niliuza, lakini haikunisaidia."

Ninyi mnamwelewa. Alinunua dawa, akainywa, haikumsaidia. Lakini mkalimani alimwambia daktari kwamba mgonjwa ameiuza dawa. Daktari akanyamaza kidogo, kisha akauliza aliiuza kwa nani. Yaya akashangaa: kwa famasi, bila shaka. Akaulizwa kwa nini famasi inunue dawa kutoka kwake. Akaona mambo yanaharibika, akajaribu kufafanua: "Nilitosha franga, bakanipa dawa." Mkalimani wa pwani akasikia neno "nilitosha" na hakujua mama huyu alitosha nini. Ilichukua karibu nusu saa, na mwishowe yaya alifungua mkoba, akatoa noti, akaionyesha kwa kidole, kisha akaonyesha kopo la dawa. Ndipo daktari akacheka, na yaya akacheka pia. Alipofika nyumbani, alilia.

Katika Kiswahili chetu kuuza ni kununua, na kuuza kwa maana ya vitabuni ni kuuzisha. Kutosha ni kutoa au kuondoa. Huu ni mpangilio kamili wenye kanuni zake: mzizi mmoja unataja tendo la kupata mali kwa fedha, na kiambishi cha kusababisha, -ish-, kinataja tendo la kumfanya mwingine aipate. Mwanafunzi yeyote wa mofolojia anaweza kuueleza kwa dakika tano. Lakini Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, haimwambii mkalimani kwamba kuna mamilioni ya watu upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Kivu wanaolitumia neno hilo kinyume. Nani angemwambia? Sisi ndio tunaojua, na sisi tulilifuta.

Sasa nikiri kosa langu. Nilipousikiliza ujumbe ule, mimi, mwanafunzi wa isimu, nilimjibu yaya kwamba angesema "nilinunua" mambo yasingefika huko. Nilimwambia ajitahidi kusema Kiswahili safi. Hakunijibu kwa wiki mbili. Aliponijibu aliniuliza swali moja tu: kama Kiswahili chake si safi, mimi nilijifunza kusema kutoka kwa nani?

Neno lingine linanitia hofu kuliko kuuza. Wengi wetu hutamka kuongopa tunapotaka kusema kuogopa. "Usiongope," tunamwambia mtoto gizani. Katika Kiswahili sanifu kuongopa ni kusema uongo. Fikirieni basi mama aliyetoka Fizi au Uvira, ameketi mbele ya afisa anayeamua kama atapewa kinga au la. Anaulizwa kwa nini katika mahojiano ya kwanza hakutaja jambo fulani lililompata njiani. Anajibu kwa ukweli wote wa moyo wake: "Niliongopa." Mkalimani asiyejua lugha yetu atamwandikia kwamba amekiri kudanganya. Sijui kama limemfika mtu fulani, na sidai hivyo. Nasema tu kwamba hakuna kitu kinacholizuia, kwa kuwa maneno hayo mawili hayajawekwa mahali pamoja kwa ajili ya yule anayekaa katikati ya afisa na mama.

Majina ya ukoo nayo yana hatari yake. Fomu za uhamiaji zinauliza juu ya watoto, wazazi na ndugu. Mama wa kwetu akisema ana watoto saba, huenda wanne amewazaa na watatu ni wa marehemu dada yake. Kwa lugha yake wote ni watoto, na marehemu dada yake akiwa mkubwa, watoto wale humwita mama mdogo, yaani mama. Katika mahojiano ya pili, na mkalimani mwingine, wale watatu wanageuka kuwa watoto wa dada. Karatasi ya kwanza inasema saba, ya pili inasema wanne, na afisa anayesoma karatasi zote mbili anamwona mama huyu kuwa mtu wa kubadilisha maneno. Ingetosha mkalimani aseme sentensi moja ya kueleza. Lakini ili aiseme lazima awe amefundishwa kwamba kuna kitu cha kueleza.

Nisieleweke kwamba nailaumu Australia. Nchi ile imefanya kwa ajili ya lugha za wageni mambo ambayo sisi hatujayafanya kwa ajili ya lugha zetu wenyewe. Mpango wake wa kuwafundisha Kiingereza wahamiaji watu wazima ulianza mwaka 1948, kwa ajili ya watu wa Ulaya waliopoteza makao katika vita. Kwa muda mrefu mgeni alipewa saa 510 za masomo bila malipo, na mwaka 2021 kikomo hicho kiliondolewa. Huduma ya ukalimani kwa njia ya simu ilianza mwaka 1973. Mwaka 1977 kikaundwa chombo cha kuwapima wafasiri na wakalimani, kinachoitwa NAATI, ili asije mtu yeyote tu aliyeokotwa kwenye foleni akamsemea mgonjwa. Hapa Bukavu, mama wa Walungu anayejua Mashi peke yake akifika kwa daktari aliyetoka Kinshasa, anayemsemea ni nani? Ni mlinzi wa mlangoni, au mtoto wake mwenyewe.

Lakini nchi hiyo hiyo ina historia nyingine, na wanafunzi wa lugha wanapaswa kuijua. Sheria yake ya uhamiaji ya mwaka 1901 iliwazuia watu wasiokuwa weupe kwa njia ya imla. Mgeni alisomewa maneno 50 katika lugha ya Ulaya, naye alipaswa kuyaandika. Lugha ilichaguliwa na afisa. Aliyejua Kiingereza aliweza kusomewa lugha nyingine, ili ashindwe tu. Mwaka 1934 mwandishi Egon Kisch, mzaliwa wa Prague na mtu wa lugha nyingi, alisomewa imla kwa Kigaeli cha Uskoti, kwa sababu serikali haikutaka siasa zake. Akaenda mahakamani, na Mahakama Kuu ya Australia ikaamua kwamba lugha hiyo haikuwa lugha ya Ulaya kwa maana ya sheria ile. Imla hiyo ilifutwa mwaka 1958.

Katika miaka hiyo hiyo, mlango ulikuwa wazi kabisa kwa Waingereza. Kuanzia mwaka 1945 serikali ya Australia iliwalipia nauli: mtu mzima alitoa pauni 10 tu, watoto hawakutoa kitu, na sharti lilikuwa kukaa angalau miaka miwili au kurudisha gharama. Zaidi ya watu milioni moja walitoka Uingereza kwa mpango huo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mmoja wao alikuwa mtoto kutoka Wales, Julia Gillard, aliyefika na wazazi wake mwaka 1966 na kuwa waziri mkuu wa nchi hiyo mwaka 2010. Kwa zaidi ya miaka 10, basi, nchi moja ilikuwa na milango miwili: mmoja wa imla kwa wasiotakiwa, mwingine wa pauni 10 kwa wanaotakiwa.

Nawataja Waingereza hawa kwa sababu mbili. Ya kwanza, wao walishuka melini lugha ikiwa tayari inawasubiri bandarini. Matamshi yao yalichekwa, ndiyo, na waliitwa majina ya utani. Lakini hakuna daktari aliyehitaji mtu wa tatu ili awasikie, wala hakuna mtoto wao aliyerudi kutoka shuleni akadhani mama yake hana lugha. Ya pili ni kinyume chake: inakadiriwa kwamba karibu robo yao walirudi kwao. Walikuwa na lugha, walikuwa na rangi iliyotakiwa, na bado maisha mapya yaliwashinda. Walikosa ndugu, walikosa mtaa waliouzoea, wengine walikaa miezi katika kambi za mabanda ya mabati. Kwa hiyo sidai kwamba lugha inatatua yote. Yaya ananiambia kwamba kitu kinachomsumbua zaidi ni ukimya wa barabara saa moja jioni, saa ambayo hapa Nyawera huwezi kupita kwa watu. Kitivo cha lugha hakiwezi kumpelekea kelele za Nyawera. Kinaweza kufanya sehemu yake tu, na sehemu yake ndiyo hii ya maneno.

Jambo lililoniuma zaidi halikutokea hospitalini. Lilitokea katika shule ya Jumamosi, ambayo wazazi wa Kiafrika wa mji ule waliianzisha wenyewe ili watoto wasisahau Kiswahili. Ni kazi njema, na wanaofundisha wanajitolea bila malipo. Vitabu vilitoka Tanzania na Kenya, kwa sababu ndivyo vilivyopo. Binti wa yaya, mwenye miaka tisa, alirudi nyumbani siku moja akamwambia mama yake kwamba si "batoto", ni "watoto". Si "beko", ni "wapo". Si "muzuri", ni "mzuri". Yaya alifurahi mwanzoni. Baada ya miezi michache mtoto aliulizwa na mgeni kama mama yake anasema Kiswahili. Akajibu kwa Kiingereza kwamba hapana, mama anasema kitu kinachofanana nacho tu.

Mtoto yule hakusema uongo. Alikuwa amefikia, akiwa na miaka tisa na mbali kilomita maelfu, uamuzi ule ule tulioufikia sisi ubaoni.

Najua majibu nitakayopewa, na baadhi yake yana nguvu.

Jibu la kwanza: Kiswahili sanifu ndicho kinachofungua milango. Ni kweli. Nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mwaka huo huo Umoja wa Afrika ulikipitisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi, na tarehe 7 Julai dunia ikaadhimisha kwa mara ya kwanza siku ya Kiswahili iliyotangazwa na UNESCO. Kijana wa Bukavu anayetafuta kazi Arusha au Nairobi anakihitaji Kiswahili sanifu, nami makala hii naiandika kwa Kiswahili hicho, si kwa kile cha nyumbani. Sisemi tuache kukifundisha. Nasema mama mwenye maumivu ya mgongo hachagui lahaja. Anasema kama alivyolelewa, na kazi ya kuelewa ni ya mkalimani, si ya mgonjwa. Mtu anayejua Kiswahili sanifu peke yake hajakamilika kwa kazi hiyo, kama vile anayejua cha Bukavu peke yake hajakamilika.

Tukumbuke pia usanifu huo ulitoka wapi. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi zilizokuwa chini ya Waingereza: Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Kongo ilikuwa chini ya Wabelgiji, hatukuwa mezani. Kiswahili chetu kilikuja kwa njia nyingine, kwa misafara ya wafanyabiashara wa karne ya 19 iliyopita Kasongo na Nyangwe, kikakutana na lugha zetu, kikakua humo. Hakikuanguka kutoka kwenye usanifu, kwa sababu hakijawahi kuwa juu yake. Katiba yetu ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Sidhani waandishi wake walikuwa na Unguja akilini. Nadhani walikuwa na watu wa Bukavu, Goma, Kindu na Lubumbashi.

Jibu la pili: kitivo cha Bukavu kisihangaike na walioondoka; kuna kazi ya kutosha kwa waliobaki. Jibu hili naliheshimu, hasa tangu Februari 2025. Yaliyotupata kila msomaji anayajua, na kila mmoja wetu ana kiti kimoja au viwili vitupu nyumbani au darasani. Lakini hatari ninayoisema iko hapa pia. Wakati wa Ebola ya mwaka 2018 hadi 2020 huko Beni na Butembo, shirika la Translators without Borders lilichunguza jinsi watu walivyopokea maelezo, likaonyesha kwamba ujumbe wa Kifaransa na wa Kiswahili cha vitabuni haukuwafikia wengi kama ule uliosemwa kwa lugha ya mahali. Hao hawakuwa Australia. Walikuwa ndani ya Kivu, wakiambiwa habari za uhai wao kwa Kiswahili kisichokuwa chao. Na hapa mjini, mfanyakazi wa misaada anayetoka Nairobi akimsikia mama wa Panzi akisema kwamba ameuza unga aliopewa fedha ya kuupata, ataandika nini katika ripoti yake?

Jibu la tatu hutolewa kwa sauti ya chini, nalo ni kwamba Kiswahili chetu hakina cha kusomwa. Hili nalikataa moja kwa moja. Mwaka 1988 Didier Goyvaerts aliandika juu ya Indoubil ya vijana wa Bukavu katika jarida la kimataifa. Mwaka 2016 Nico Nassenstein na Paulin Baraka Bose walitoa kitabu cha matini na sarufi ya Kiswahili cha Kivu. Kazi hizo zipo, lakini zimechapishwa ng'ambo, na mimi nilimaliza miaka mitatu katika kitivo hiki bila kuzisikia darasani. Wageni wanalipa nauli ya ndege kuja kusikiliza kile ambacho sisi tunatozwa alama kwa kukisema.

Wanaisimu wengine wameona jambo hili kwa upande wa sheria. Serikali kadhaa hutumia matamshi ya mtu kukisia ametoka nchi gani, na mwaka 2004 kundi la wanaisimu kutoka nchi mbalimbali, wakiwemo wa Australia, lilitoa mwongozo wa kuonya kwamba kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu asiyeijua lahaja inayohusika kwa uchunguzi wa kitaalamu. Mwongozo ule ni mzuri. Lakini unadhani kwamba uchunguzi upo. Mtu akisema yeye ni wa Bukavu, na afisa akataka kuthibitisha, atafungua maelezo gani ya Kiswahili cha Bukavu, cha Uvira, cha Baraka? Kama hatukuyaandika, yataandikwa na mwingine, au hayataandikwa, na mtu wetu ataambiwa kwamba hasemi kama Mkongo.

Basi naomba mambo matatu, na yote yanaweza kuanza mwaka huu bila mfadhili.

La kwanza: tubadilishe zoezi lile la ubaoni. Sentensi zibaki zile zile kumi, lakini mwanafunzi aulizwe zinasemwa wapi, zina kanuni gani, na mtu wa Tanga angezielewaje. Neno kosa tuliache kwa makosa.

La pili: kazi za mwisho wa masomo juu ya Kiswahili cha mji huu zikubaliwe kama zinavyokubaliwa zile za ushairi wa pwani. Nawajua wenzangu wawili walioshauriwa kubadilisha mada kwa sababu mada yao ilikuwa "lugha ya sokoni". Sokoni ndiko watu walipo.

La tatu: tuwe na somo la ukalimani, hata la saa 30 tu. Mwanafunzi mmoja awe daktari anayesema Kifaransa, mmoja awe mama wa Kadutu, mmoja akae katikati na simu. Tufundishwe kuuliza mara ya pili kabla ya kufasiri, kueleza majina ya ukoo, kumwambia daktari kwamba neno hili lina maana mbili. Wengine wetu tutaondoka, tusijidanganye. Atakayeondoka na ujuzi huo ataondoka na kazi mkononi, maana hata huko wanatafutwa wakalimani wanaoelewa pande zote mbili. Atakayebaki atapata kazi ile ile hospitalini na mahakamani hapa.

Mimi nimeanza na daftari. Kila neno ambalo kwetu lina maana moja na vitabuni lina maana nyingine naliandika, pamoja na sentensi mbili na jina la mtaa nilikolisikia. Mengi ameniletea yaya mwenyewe. Anayakusanya kanisani baada ya ibada, na wale kina mama wa Fizi na Minembwe wanashindana kumpa. Anamwandikisha binti yake, ili mtoto ayaone maneno ya mama yake yakiwa yameandikwa. Hadi leo yamefika 43. Nitaliacha daftari katika chumba cha kusomea cha kitivo, kila Jumatano mchana. Mwenye neno alete. La kwanza kwenye orodha ni kuuza.